Siku Mama Alipokuona Vizuri

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu zangu, na niambie kwanza u hali gani. Sisi huku tunajikongoja. Mama magoti yanamsumbua, ila macho bado makali. Makali kiasi gani, utaona mwenyewe ukiendelea kusoma.

Unajua tangu uondoke mama anaishi kwa kungoja Jumapili, akuone kwenye kompyuta yangu. Na unajua alivyokuwa akikuona: uso vipandevipande, mdomo unafuata nyuma ya maneno, halafu picha inaganda. Wewe ukasema mtandao wa ughaibuni ni mbovu. Mama akawa anapitisha kidole kwenye kioo, kama anakufuta vumbi.

Nikamwita Miwani, yule fundi wa kompyuta niliyesoma naye. Akapima mtandao, akasema hauna kosa. Akanieleza kwamba mashine yangu haina kadi ya picha inayojitegemea. Picha inaazima memori ya mashine nzima, na aliyeipangia mwanzoni aliipimia kiduchu. Akaizima, akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio kabla haijaamka sawasawa, akaiongezea picha fungu lake. Akanionya, "Memori ni ileile, dada. Ukiipa picha, kazi zako zitalia njaa."

Kweli zimelia. Programu ninayochorea maua ya kudarizi, ambayo ndiyo inayotulisha, sasa inaburura miguu. Nikasema potelea mbali, mama amwone mwanawe.

Jumapili ile ukatokea, kaka, utadhani uko chumbani nasi. Mama alipiga makofi kama mtoto. Ulivaa lile koti zito na skafu juu. Akakuuliza kama baridi imepungua, ukamjibu kuwa ni kali, theluji imefika magotini. Na jasho linakutiririka usoni! Mimi nilidhani una homa.

Mama hakuwa akitazama jasho. Pazia la nyuma yako lilipeperuka, na dirishani likaonekana tangi la maji la mtaa wa viwandani, lile alilolipaka marehemu baba. Rangi nyeupe ikamwishia, akamalizia kwa kiraka cha buluu, mji mzima ukamcheka. Mama akalitambua mara moja. Kisha akakuambia ujifunike vizuri usije ukaugua, akakuaga, akaniomba nizime. Hakulia. Alisema tu, "Mwanangu yuko hapa."

Kesho yake nikaenda mpaka pale ambapo kiraka kinaonekana kwa upande ule. Nikakuulizia kwa mwenye duka wa pale, naye, kwa nia njema kabisa, akaniambia jirani yake huyo alirudi kutoka nje mwaka juzi, mtu mstaarabu, ana mke na mtoto.

Mwaka juzi, kaka. Baba tumemzika mwaka jana. Ulisema umekosa ndege. Ami zetu walikusema vibaya pale kaburini, nami nikakutetea mpaka sauti ikanikauka, nawe uko umbali wa kwenda kwa miguu.

Kama walikurudisha kwa nguvu kutoka huko ughaibuni, ni aibu gani hiyo isiyosemeka kwa mama yako? Angekupokea na mikono yako mitupu. Nilikuona uani ukianika nguo za mtoto. Naye mwenyewe, aliyekuwa kando yako, ana paji la uso la marehemu baba. Sikuvuka barabara. Usidhani nilikuonea huruma, nilijiogopa mwenyewe.

Sasa nikwambie lililonikaba. Niliporudi nilidhani mama atanituma nikuite. Badala yake akaniomba nimwite Miwani apunguze fungu la picha, mashine iwe kama zamani. Nikabisha, nikamwuliza kwa nini ajitese hivyo. Akanijibu, "Nikimwona wazi, uso wangu utanisaliti. Akijua nimemwona, hatapiga tena. Heri nimwone vibaya kuliko nisimwone kabisa."

Miwani amekwisha kuja. Jumapili utakuwa vipandevipande tena. Vaa koti lako, simulia theluji yako, mama ataitikia; hajui kuwa nimekuandikia. Mimi sitakuwepo chumbani. Sina kifua cha mama.

Nisalimie wifi yangu, na huyo mtoto ambaye shangazi yake halijui jina lake. Usishangae bahasha kukosa stempu. Naipitisha mwenyewe chini ya mlango wako.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba