Boriti Kubwa ya Uthiru

Wekesa ndugu yangu,

Watu huku wamechangamkia vyama vingi, mimi nahangaika na boriti. Mke wako, Mama Nafula, bado anauza mboga Kangemi. Juzi mteja alimwambia, "Weka fungu kamili, mama, usitupunje kama mzee wako." Akafunga meza mapema. Nimekasirika. Na wewe pia nimekukasirikia, kwa kunyamaza vile mpaka homa ikakuchukua.

Ile boriti yetu ya lango la kanisa Uthiru ilipopasuka, mwenyekiti wa kanisa alishika kile kipande kidogo cha zege cha kupimia, kilichokuwa kimefaulu maabara, akasema, "Hiki mlikitia simiti. Kile kikubwa mkakitia maneno." Ukanitazama. Siku zote ulisema, "Wewe hesabu, mimi koleo." Na hesabu sikuwa nayo.

Basi nimechanganya mwenyewe. Zege moja, nikamimina boriti ndogo na kubwa, bila chuma ndani, kama ilivyokuwa ile ya lango, zikakaa majini pamoja. Ile kubwa, urefu na kimo mara mbili, upana uleule, mkato niliouchonga chini katikati ili ufa uanzie hapo, nao mara mbili. Hesabu inasema ibebe mzigo mara mbili. Haikufika! Nikajumlisha na uzito wake yenyewe, wapi. Nikarudia. Wapi.

Bi. Nasreen, yule mhandisi wa maabara Hurlingham uliyekuwa ukimtania, anasema mbele ya ufa hutangulia vijiufa kati ya kokoto, na kokoto hazikui boriti ikikua. Kwenye boriti ndogo vijiufa vinashika sehemu kubwa ya kimo, ufa unakwenda kwa shida. Kwenye kubwa ni kasehemu tu, ufa unakimbia. Niliitikia kwa kichwa. Lakini Wekesa, kama simiti ni ileile, nguvu ya zege ni ipi sasa? Ya ndogo ama ya kubwa? Mimi nimejitoa kibarua mpaka fundi nikiamini nguvu hiyo ni namba moja tu. Sielewi. Kweli sielewi.

Hukuiba simiti. Hilo tu ndilo ninalolielewa, na hukulisikia kwangu ukiwa hai.

Pumzika, ndugu yangu. Nimemwita mwenyekiti na wazee wake: simiti wanunue wao, wachanganye wao, wamimine wao, ndogo na kubwa, wazilinde majini mwezi mzima. Siku ya kuzivunja kwa mzigo, waone wenyewe kama kubwa itafika, Mama Nafula atakaa kiti cha mbele.

Ni mimi,
Mutiso