Ombi Lisilotajwa

Kwa dada yangu mpenzi Ermengarde, katika nyumba ya watawa kule mtoni,

Pokea salamu za mdogo wako, anayekukumbuka kila anapowasha mshumaa. Natumai u mzima, na kwamba kile kifua kinachokusumbua kila baridi kimekuachia mwaka huu. Mama Mkuu hajambo? Na nyuki wenu je? Sisi huku Valserre ni wazima, ikiwa uzima ni kula na kulala. Theluji imeyeyuka, kondoo wamezaa vizuri, na shemeji yako Thierri hajambo kabisa. Sijapata kumwona na afya njema kama mwaka huu ambao jina lake liko midomoni mwa watu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, maandishi yale tuliyofundishwa pamoja utotoni, kwa hiyo nisamehe mistari ikienda upogo. Sikutaka padri wetu aandike haya.

Najua sifa za Thierri zimefika hata huko, maana waghani hawana mlango wasioubisha. Utakuwa umesikia kwamba bwana wa Valserre ni muungwana ambaye neno lake halirudi nyuma. Sasa sikia kwa aliyekuwepo.

Kabla ya Noeli alikuja mghani mmoja aitwaye Pinel, akaomba hifadhi ya majira ya baridi. Kila jioni baada ya chakula alitughania hadithi za mashujaa wa farasi. Zote ni moja, dada. Shujaa anapita msituni, anamkuta binti amefungwa mtini, jitu linamsimamia, shujaa anapigana hadi damu inafika kwenye hatamu. Pinel alikuwa akifika hapo kwenye binti na mti, basi Thierri analia hadi ndevu zinalowa. Sitakuficha, mwanzoni nilifurahi. Nilijiambia kwamba mwanamume anayelia kwa ajili ya binti asiyemjua, Mungu amenipendelea kwa kunipa huyo.

Akaanza kuishi vile. Akawa anawavulia kofia hata wajakazi wa jikoni. Siku moja alivaa deraya ya chuma akatoka kwenye mvua kutafuta mtu wa kumwokoa, akarudi hana mtu, kaloa chapachapa. Binti yetu Odierne alimkanda kifua na kumnywesha asali, huku akimuuliza, "Baba, msituni ulikuta jitu, au mafua peke yake?" Thierri alicheka hadi akakohoa. Walikuwa wakipendana sana hao wawili, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Lakini katika hadithi zote, kilichomwingia zaidi ni desturi ya ombi lisilotajwa. Unaijua. Mgeni anasimama karamuni, anamwambia mwenyeji ampe neno lake kwanza, kisha ndipo ataje anachotaka. Muungwana wa kweli hukubali papo hapo. Kuuliza "ombi gani?" ni tabia ya wachuuzi. Thierri alikuwa akitamani mno aombwe hivyo. Nadhani alitazamia mtu aombe mwewe wake wa kuwindia, au farasi yule mweusi, na watu waseme ametoa bila kupepesa macho.

Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Kwenye karamu ya Epifania mgeni alikuja, na sisi hatukupona. Alikuwa Renout wa Chasteler. Huhitaji nikueleze ni nani. Ni rika la marehemu baba yetu, na amekwisha kuzika wake wawili. Yule wa pili ulimwosha wewe kwa mikono yako, ukaniandikia ulichokiona shingoni mwake.

Renout akapiga goti mbele ya watu wote, tena kwa shida, maana magoti yake yamezeeka. "Bwana Thierri," akasema, "nina ombi. Nipe neno lako kwanza, kisha nitalitaja."

Nilimvuta Thierri mkono wa joho chini ya meza. Hakunitazama. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha.

"Umepewa," akasema. "Liwe lolote."

"Basi namtaka huyu anayemimina divai."

Odierne ndiye aliyekuwa akimimina, dada. Kikombe kilijaa, kikafurika, divai ikamwagikia kitambaa cha meza, naye bado anamimina. Hana hata miaka kumi na mitano. Nikangoja Thierri aseme hapana. Midomo ilimtetemeka, nikaona kwamba ndani yake yupo baba anayetaka kusema. Kisha akamwangalia Pinel. Naapa kwa mama yetu aliyelala kaburini, alimwangalia mghani, kama anayemuuliza sasa inakuwaje. Akasimama, akasema ahadi ni deni, na ukumbi mzima ukapiga meza kwa vifijo. Harusi ikapangwa baada ya Pasaka.

Wiki zile nilimwomba kitandani, nikamwomba mezani, nikamkumbusha kiapo alichokula kanisani siku alipofungwa upanga na kufanywa shujaa wa farasi, cha kuwalinda wajane, yatima na mabinti. Alinijibu kwa upole kwamba neno likishatoka ni kama maji yaliyomwagika, na kwamba huzuni yake ni kubwa kuliko yangu kwa kuwa yeye ana heshima ya kulinda. Niliomba Mungu anipunguzie hasira. Hajanipunguzia.

Nikafikiri, kama ni mchezo wao, nami naujua. Siku ya karamu ya kuaga nyama kabla ya Kwaresima, majirani wote wakiwapo, nilisimama mbele ya kiti chake nikapiga goti. Nikamwambia nina ombi, anipe neno lake kwanza. Alifurahi kama mtoto. Akasema mbele ya wote, "Umepewa, bibi yangu. Liwe lolote."

Nikasema, "Nipe binti yangu."

 Niliona damu ikimpanda usoni. Halafu akacheka, dada, akaniinua kwa mkono kwa adabu zote. Nikamwambia kwamba katika hadithi hizo hizo za Pinel, mwanamke akiomba hupewa, na shujaa hufa kuliko kumnyima.

"Wale ni wake za watu," akasema. "Wewe ni mke wangu."

Walicheka hadi mbwa wakabweka. Renout naye alicheka, akafuta macho. Siku iliyofuata Pinel alikwisha kuniingiza kwenye hadithi yake, pale katikati watu wanapohitaji kupumzika na kuchekeshwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kuanzia siku hiyo sikuomba tena chochote kwa mtu yeyote katika nyumba hii.

Sasa, dada, nisome polepole. Aliyekupa barua hii langoni ni Oudine, mjakazi wangu wa tangu ujana. Nyuma yake yupo mwingine mwenye nguo za kijakazi, kichwa kimenyolewa kama aliyetoka homa, anaangalia chini. Humjui, kwa kuwa mara ya mwisho ulimwona akiwa kwenye nepi. Mwingize ndani kabla hujamaliza kusoma.

Mwambie Mama Mkuu amvishe shela ya utawa haraka, kabla Renout hajafika, kwa sababu bibi arusi wa Kristo ndiye peke yake ambaye wanaume hawa wanaogopa kumgusa. Najua hana wito. Anapenda farasi na kucheka, naye amelia njia nzima bila shaka. Nimempeleka gerezani ili nimwokoe na kaburi, na simwoni tena hadi mbinguni. Na ikija barua nyingine, yenye muhuri wangu na hata mwandiko wangu, inayokuambia umrudishe, usiiamini, hata ikiwa na machozi juu yake. Nitakuwa nimelazimishwa kuiandika. Kuhusu mimi usiniulizie kwa mtu. Nilichofanya nitamwambia Thierri kwa kinywa changu, mchana, ukumbini, mbele ya Pinel wake.

Mpe maziwa ya moto, na usimlazimishe kula vitunguu. Atakapotulia atakuuliza kama baba yake alilia alipojua kwamba ameondoka. Mwambie alilia. Atakuamini, kwa sababu amekwisha kuyaona machozi yake, na anajua ni mengi.

Nisalimie watawa wote, na yule mzee wa bustani ikiwa bado yu hai. Mungu akulindie kifua chako.

Mimi, mdogo wako,
Mahaut