Mikia ya Nana Jean

Jumatatu, 5 Mei

Maharage yamelowekwa. Sare ya mjukuu wangu Salma imepigwa pasi. Leo zamu yangu kumchukua shule. Kate, mkwe wangu, yuko kazini kwenye nyumba ya wazee, mwanangu Hamisi yuko kiwandani Auburn, safari ya treni kutoka hapa kwetu Toongabbie.

Mtoto katoka getini anarukaruka. Salamu sikupata. Nimepata swali kwa Kiingereza, eti najua maana ya coward? Nikasema mwoga. Akasema hapana, mwanzo wake ni mkia, mnyama aliyeuingiza mkia katikati ya miguu. Kafundishwa na Nana Jean, bibi yake mwingine.

Sisi tunasema kufyata mkia tangu enzi za mababu. Hakuna aliyeniuliza.

Jioni kabakiza tonge moja. Nikamwambia kama kawaida, umekula ng'ombe mzima umeshindwa na mkia? Akalimaliza. Hilo bado langu.

Alhamisi, 8 Mei

Mikia nyumba nzima. Nana Jean ni mama yake Kate, anakaa Blacktown peke yake, siku zake na Salma ni Jumatano na Jumamosi. Kila akimrudisha, mtoto anarudi na mkia mpya.

Dovetail, mbao za droo zinavyoshikana, ncha imetanuka kama mkia wa njiwa. Squirrel, yaani kindi, jina la kale sana, anayejitia kivuli kwa mkia wake. Redstart, ndege wa mkia mwekundu wa huko kwao Uingereza, kwa kuwa Waingereza wa zamani mkia waliuita start. Salma kayaandika yote kwa rangi na kuyabandika ukutani juu ya kitanda. Picha yetu ya Idi, mimi na yeye, imesogezwa nyuma ya mlango kupisha.

Imeniuma. Sina namna ya kuipamba.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya Nana Jean. Wamekwenda kutazama ndege kule kijitoni. Nyumba kimya.

Kandege keusi kenye kifua cheupe kametua kwenye uzio, kanatikisa mkia kama kametumwa kunikejeli. Wagtail. Hata mimi nimeshajifunza. Nikakafukuza kwa ufagio. Kakarudi.

Nimewahi kuwa na mke mwenza. Mwanahawa, Tanga, Mungu amrehemu. Marehemu mume wetu aligawa siku, nami siku zisizo zangu nilikuwa nakuna nazi kwa hasira mpaka vidole vinatoka damu. Nilidhani wivu niliuacha kule. Salma nimemwita mke mwenzangu tangu azaliwe, utani wa bibi yeyote kwa mjukuu wake wa kike. Sasa mke mwenza wa kweli kapatikana. Ana nywele nyeupe na darubini.

Jumanne, 13 Mei

Shule inaalika bibi au babu, mmoja kwa kila mtoto, aje aonyeshe kitu darasani. Salma kamchagua Nana Jean na maneno yake. Kalisema hilo huku anatafuna chapati yangu.

Kate kainamia sahani. Hamisi akasema, "Mama, next year ni wewe, sawa?" Umri huu naahidiwa mwakani. Nikajibu sawa. Si sawa hata kidogo. Nimeshika mkia, wa mwisho darasani, na wanafunzi tuko wawili tu.

Jumatano, 14 Mei

Wanataka mikia? Mimi ninao mkia.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Ukutani, juu ya kichwa chake, ulining'inia mkia wa taa, yule samaki bapa. Mrefu, mweusi, unakwaruza. Ukikosea aya unauonja. Vizazi vitatu vya mtaa wetu viliujua ule mkia. Hayo si maneno ya kubandika ukutani. Kile ni kitu.

Nimepanda treni mpaka Auburn. Mwuza samaki alisema mikia wanaitupa. Nikamwambia unitupie mimi. Kacheka, kaniahidi.

Alhamisi, 22 Mei

Mkia nimeung'oa mwiba, nimeupaka chumvi, nimeuanika kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Wiki nzima sasa. Jua la Mei hapa halina nguvu, ndiyo kwanza baridi inaingia. Nzi wapo. Jirani kachungulia mara mbili. Kate kauliza kwa adabu ni dawa? Nikasema ni mambo ya nyumbani. Akahamisha mashuka yake.

Salma kaja kuugusa. Kauliza ni wa kazi gani. Nikamweleza yote, chuo, baba, aya, fimbo. Macho yalimtoka. Hajawahi kunisikiliza hivyo tangu ile mikia mingine ianze. Nimelala na furaha.

Jumatatu, 26 Mei

Kesho ndiyo siku yenyewe. Mkia umekauka. Nimeufunga kwenye kipande cha kanga, nimeutia kwenye mkoba wa Salma chini ya chakula. Sikumwambia mtu.

Kama siendi mimi, uende mkia wangu.

Jumanne, 27 Mei

Aibu.

Salma kaufungua mbele ya darasa. Kawaeleza watoto wenzake, kwa fahari, kwamba baba yake Bibi alikuwa akiwachapa watoto kwa mkia huo. Mtoto mmoja akalia. Mwalimu akauchukua, akampigia Kate simu kazini. Kate karudi uso umemwiva. Hamisi akasema, "Mama, hapa hiyo ni serious. Wataandika report." Kisha akaenda kusimama nje.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Kate anasema Nana Jean ndiye aliyeokoa jahazi. Alisimama, akawaambia watoto kwamba hapa hapa Toongabbie, enzi za wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Uingereza, kulikuwa na mjeledi wa kamba tisa ulioitwa paka wa mikia tisa. Akasema yeye mwenyewe masista walimchapa viganja kwa mkanda. Akasema kila mahali watu wazima waliwahi kukosea hivyo. Darasa likatulia. Neno likaongezwa ubaoni.

Hata aibu yangu kaigeuza neno lake. Afadhali angeniacha nizame.

Alhamisi, 29 Mei

Salma hasemi nami. Nimemchukua shule, katembea mbele. Nimempikia mandazi, hakugusa. Kasema tu, akielekea chumbani, kwamba watoto wanamwita whip girl, msichana wa mjeledi.

Hilo la mtoto kuumia sikuliwaza kabisa. Nilimuwaza Jean tu.

Jumapili, 1 Juni

Si siku yake, lakini Nana Jean kaja. Mkia kaurudisha, bado umo ndani ya kanga yangu. Nilimwita Salma, nikamwomba radhi mbele ya Jean. Kainama, kaniegemea bega. Basi.

Chai ya tangawizi. Jean kanywa vikombe viwili. Salma alipokwenda kuchukua maziwa, Jean kaninong'oneza kuna ndege mmoja ambaye Waingereza wa zamani walimwita matako meupe, wenye haya wakaja kulipindisha jina likawa sikio la ngano. Wheatear. Hilo hakumfundisha mtoto. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Kisha akasema, hanitazami, kwamba maneno yake aliyaanza kwa sababu mwaka mzima Salma akienda kwake humaliza chakula na kumsimulia ng'ombe wangu na mkia wake. Alitaka na yeye awe na kitu.

Niliona raha. Raha mbaya, lakini raha.

Wakati wa kuaga nikamshika mkono. Nikamwambia karibu tena, mke mwenzangu. Akauliza maana yake. Nikamwambia rafiki.

Salma alikuwa kesharudi mezani, kikombe mdomoni. Neno hilo analijua tangu hajaota meno. Kaniangalia. Kamwangalia Nana Jean. Akanywa maziwa yake.