Mkanda Niliousahau

Usipige simu, soma tu.

Ile mashine kuukuu ya kukatia chuma, ya karakana ya baba mkwe, leo nimemaliza kuifungia kompyuta ya kupanga kasi. Nikaandika mizunguko mia tatu kwa dakika.

Ikazunguka elfu mbili na zaidi! Mkanda wa kuizungusha niliuacha kwenye gurudumu la kasi kubwa, badala ya kuuhamishia lile la polepole. Kompyuta haiuoni mkanda, wa kuuangalia ni mimi. Mimi!

Kisu kikapasuka. Kipande kikajichomeka ukutani, pale pale baba mkwe anaposimama kila siku kuisikiliza mashine.

Alikuwa ameenda kufuata miwani. Miwani tu.

Akarudi, akakitazama. “Mkanda?”

Nikasema, “Niliusahau.”

Akavaa miwani, akasimama pale pale. “Uhamishe, weka kisu kingine, halafu washa tena.”

Bado amesimama. Mimi niko chooni nakuandikia.