Ada Niliyoitetea na Ng'ombe wa Mama Kabula

Jumamosi, jioni. Mvua ya tangu jana imekatika mchana, jua likachungulia kidogo halafu likajificha tena. Umeme hakuna. Nimeoga mara mbili na bado nasikia harufu ya ng'ombe mikononi. Mume wangu ameniwekea ugali na dagaa wa Chato, ambao siku nyingine huwa tunawagombania, na nimeshindwa kula.

Naandika hapa kwa sababu nikimsimulia yeye atanitetea. Leo sitaki kutetewa.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza, mimi ni afisa mazingira wa halmashauri moja huku kwenye machimbo ya dhahabu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni tope. Wenye mitambo ya kuchenjulia huloweka mchanga kwenye maji ya sianidi, dhahabu ikishatoka linabaki tope lenye sumu. Tope hilo linatakiwa kuletwa kwenye dampo letu, shimo kubwa lililotandikwa turubai zito na kuzungushiwa uzio. Mimi na wenzangu tunatakiwa kuzunguka kuhakikisha haliendi kwingine.

Kuzunguka kunataka mafuta, na mafuta yetu miaka yote yalikuwa ya bahati. Mradi ukija tunapanda pikipiki. Mradi ukiisha zinaegeshwa nyuma ya ofisi, kuku wanatagia chini yake. Bajeti ikipitishwa, fedha inakuja nusu, au inakuja wakati mwaka wa fedha unafungwa. Nimewahi kwenda kukagua mtambo nikiwa nimepanda gari la mwenye mtambo. Na soda alininunulia njiani. Ukishakunywa soda ya mtu, unamwandikia nini kwenye taarifa?

Ndiyo maana niliipigania ada ya utupaji. Kila lori linaloshusha tope dampo lilipie, na fedha hiyo iwe na akaunti yake, isichanganywe na posho za vikao wala madawati ya shule. Kazi yake iwe ukaguzi na kupima maji tu. Nilimfuata diwani mmoja mmoja hadi nyumbani kwake. Sheria ndogo ilipopita walinipigia makofi, na mimi nikarudi nyumbani naimba.

Na ilifanya kazi. Hilo pia liandikwe. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na mafuta mwezi mzima, tukanunua vifaa vya kupimia maji, tukaacha kuombaomba.

Halafu nikaanza kuyapenda malori.

Sijui niseme vipi jambo hili lieleweke. Nilikuwa nikipita dampo asubuhi, nikikuta foleni, roho yangu inafurahi. Sumu inaingia na mimi natabasamu, kwa kuwa kila lori ni mafuta ya wiki ijayo. Nikikuta pamekauka nanuna siku nzima.

Mwanzoni mwa masika foleni ikaanza kupungua. Mitambo ilikuwa inanguruma vilevile usiku na mchana. Mtu yeyote mwenye akili angejiuliza tope linakwenda wapi. Mimi nilijiuliza pengo la mapato litazibwaje. Nikaanza kuandika pendekezo la kupandisha ada.

Wiki mbili hivi zilizopita Mama Kabula alikuja ofisini. Ni mama wa makamo, mjane, analima mpunga na mahindi upande wa chini wa machimbo. Alitembea kwa miguu mpaka mjini kuniambia kwamba malori yanapita nyuma ya nyumba yake usiku, yanaelekea kwenye korongo. Lori moja alilijua. La Bwana Masanja.

Bwana Masanja ana mtambo mkubwa kuliko wote kwetu. Ada yake peke yake ndiyo iliyokuwa inatuweka barabarani.

Nilimwambia Mama Kabula, "Nitakuja mama, wiki hii hii." Akanishukuru.

Sikwenda. Nilijiambia namalizia pendekezo, nilijiambia mvua, nilijiambia mambo mengi. Ukweli ni kwamba niliogopa kumkuta Bwana Masanja korongoni. Nikimkamata, mtambo unafungwa. Mtambo ukifungwa, akaunti yangu inakauka. Nilikuwa nimeunda mfuko wa kunisaidia kuwakamata watu kama yeye, kisha nikaacha kumkamata ili mfuko usipungue.

Leo asubuhi mwenyekiti wa kitongoji chao akanipigia simu. Mvua ya usiku ilisomba tope la korongoni ikalimwaga kwenye lambo, bwawa lao la maji. Ng'ombe wa Mama Kabula ndio waliotangulia kunywa.

Nilichukua pikipiki. Tangi lilikuwa limejaa.

Nilikuta maksai wawili na jike mmoja wameshakufa, wamevutwa hadi pembeni ya lambo, matumbo yameanza kujaa. Watu wamekusanyika, baadhi na visu mkononi, wanauliza kama nyama inafaa. Ilibidi nipaze sauti. Nikasema hakuna kula, hakuna kuchuna hata ngozi, wote wazikwe, na mtu yeyote asichote maji pale. Mzee mmoja akaniuliza, "Sasa hata ngozi umnyime?" Nilikuwa nimefika kwa mjane kumwondolea na kile kilichobaki.

Tuliwachimbia shimo mbali na maji, wanaume wakichimba na mimi nikifukia nao. Mama Kabula alikuwa amekaa kwenye kigogo mlangoni kwake. Ndoo zake mbili zilikuwa pale, tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanone." Mwanangu, ananiita hivyo kwa Kisukuma. "Karibu ukae."

Nikakaa. Akaniambia taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba alikuwa na ndoo kichwani anakwenda kuchota maji ya uji wa wajukuu. Maksai walimpita mbio kwa kiu, wakaingia majini kabla yake. Alisimama kusubiri wanywe watoke. Hawakutoka.

"Wangechelewa kidogo tu," akasema, "ningekuwa nimeshachota."

Nikashindwa kumwangalia. Yeye akanipapasa bega. Yeye ndiye ananifariji mimi!

"Nilijua ungekuja. Siku zile hukufika nikasema, labda serikali haijawapa mafuta. Si kosa lako."

Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu. Ni uongo mwepesi, na miaka ya nyuma ungekuwa kweli.

"Mafuta yalikuwepo, mama," nikasema.

Akageuka kuniangalia. "Kwa hiyo ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza. Ada, malori, Bwana Masanja, hofu yangu. Nilieleza vibaya, narudia maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mayu!" akasema kwa sauti ndogo, kama anamwita mama yake. Halafu akaondoa mkono wake begani kwangu.

Hakunitukana. Aliinuka akaingia ndani, na mimi nikabaki na zile ndoo tupu.

Nilimpigia mkurugenzi nikiwa palepale uani. Nikamwambia lambo lifungwe, tenki la maji safi liletwe leo, na mtambo wa Bwana Masanja usimamishwe.

"Unajua kwamba nusu ya ile ada inatoka kwake?" akauliza.

"Ndiyo sababu sikuja huku nilipoitwa."

Akasema polisi wataongozana na mkaguzi mwingine, siyo mimi, na Jumatatu niende mbele ya kamati nikaseme haya haya kwa mdomo wangu. Nikasema sawa. Tenki lilifika kabla sijaondoka. Mtambo umewekewa kufuli alasiri, mwenyekiti amenitumia ujumbe.

Pendekezo langu la kupandisha ada nimelifuta. Kupandisha kungeyasukuma malori mengine korongoni. Jumatatu nitaiomba kamati kitu kingine: ada itozwe kwenye mtambo wenyewe, kwa kiasi cha mchanga unaolowekwa, hata kabla lori halijawashwa. Mtu akishalipa mlangoni kwake, kumwaga porini hakumwokolei kitu. Na ukaguzi wetu usitegemee mfuko mmoja wa mtu mmoja, halmashauri nayo iweke fungu lake, mitambo ifanye kazi isifanye. Ni jambo la kawaida kabisa. Ningeliona tangu mwanzo kama nisingekuwa nashangilia foleni.

Fidia nitaisimamia. Lakini fidia inakwenda kwa mwendo wa ofisi na mvua hazisubiri. Mashamba ya wenzake yameshapigwa plau, la kwake bado ni majani, na maksai wa kulilima tumewafukia leo.

Huenda Jumatatu wakaniondoa kwenye kazi hii. Nimejaribu kuliogopa hilo, halinitishi sana. Kinachonisumbua ni kwamba nikibaki, mfuko ukiwa na nusu ya fedha, atatokea Masanja mwingine mkubwa. Je, mara hiyo nitawasha pikipiki?

Wakati naondoka Mama Kabula alitoka nje. Nilidhani anakuja kuaga. Akasimama mbali kidogo, akaniuliza swali moja.

"Kesho wajukuu watalinda lambo lisiingiliwe na mifugo ya watu. Wewe utakuwa wapi?"

Nikamwambia kesho ni Jumapili, ofisi imefungwa. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiria. Akatikisa kichwa, akarudi ndani.

Nimempigia simu mwenyekiti sasa hivi. Nimemwomba awaambie wajukuu wa Mama Kabula walale tu. Alfajiri nitakuwa pale na panga, nikate miiba tuzungushie lambo.

Misa nitasali ya jioni.