Kiti Gunga Mmoja Tu

Becky, soma upesi kabla bosi hajarudi kwenye kompyuta yake. Everlyne kaumbuka!

Si unajua bosi wetu, Mzee Gunga, anamwoza binti yake? Akampa Everlyne orodha ya waalikwa aichape. Yeye, kwa maringo: "Mzee, majina yaliyojirudia nayafuta kwa amri moja tu." Akabonyeza. Watu mia mbili wakawa mia na ishirini. Akajipigia makofi, Becky. Makofi! Kadi zikatoka.

Jamani, si Wagiriama humpa mtoto jina la babu yake? Baba yake bosi ni Kiti Gunga. Mwanawe bosi ni Kiti Gunga. Kwenye ukoo wapo wengine watatu. Kompyuta ikabakisha mmoja.

Leo babu katokea mwenyewe, kutoka Kaloleni, na mkongojo wake. "Mwanangu, ni wewe uliyenifuta?"

Ni wewe uliyenifuta! Everlyne akatamani ardhi ipasuke immeze.

Wala babu hakufoka. Akaitoa mfukoni kadi ya mjukuu wake, akamwonyesha. "Jina ni langu. Tutaingia nayo sote watano."

Na bosi kamweka nani mlangoni kukagua kadi?

Everlyne.