Herufi Tatu za Riziki

Mjini Baraka, tarehe 14 Septemba 2000

Mpendwa kaka Bahati,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Kigoma? Mguu wako unaendeleaje, na kambini maji mnapata? Sisi kwa mwili tu wazima. Kwa roho, kaka, nimeishiwa.

Tangu boti mliyokimbia nayo ilipojaa siku ile ya risasi na mwanao Riziki akabaki kwangu, anasoma madrasa ninakofundisha Kiingereza. Kwingine hakuna, majengo ya shule yamekaliwa na wanajeshi.

Kazi yenyewe ni mateso. Vitabu hatuna, chaki naomba kwa Waprotestanti. Mitaani wanasema Kiingereza ni lugha ya hao askari wa kigeni, basi nami ni mtu wao. Lakini kinachonimaliza ni mkono. Watoto wameanza na Kiarabu, wamezoea kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Kila asubuhi nawageuza, mchana wanarudi kulekule.

Jumatatu wazee wa kamati walikuja kuona darasa. Mimi kwa maringo yangu nikamwita Riziki aandike God, yaani Mungu. Akaanzia kulia: G, kisha o, kisha d. Herufi zote sahihi! Ila anayesoma kutoka kushoto anakuta dog, yaani mbwa. Mzee mmoja aliyewahi kukaa Nairobi akaisoma kwa sauti.

Shehe wa madrasa akasimama. "Munafundisha batoto kumutukana Mungu?" Nilieleza kwamba mtoto ameanzia kulia tu. Hakutaka kusikia. Riziki amesimamishwa, na Ijumaa ya wiki ijayo wataamua kama atolewe madrasa kabisa, pamoja na Kiingereza changu. Mimi nitavua samaki. Yeye atashinda wapi? Ana miaka kumi na miwili, na wanajeshi wanaochukua watoto wameanza kumtazama.

Wewe na shehe mlisoma Kurani mkeka mmoja, wewe atakusikiliza. Nakuomba kwa jina la marehemu mama, mwandikie leo leo, umpe mwenye boti aliyekuletea barua hii. Mwambie kosa ni la mwalimu.

Sina mwingine wa kumlilia. Mtoto hali vizuri. Jana aliniuliza, "Baba mudogo, Mungu ye anasomaka kutokea upande gani?"

Wasalimie Mama Riziki na shangazi Sifa. Mola awafunike huko mliko, na sisi huku asitusahau.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Useni